Nywele za Chumba cha Magharibi

Habari za nywele za ukutani nilizisikia kwanza kwa Shangazi Miao, mama anayechana tiketi langoni mwa jumba la ukoo wa Hao. Alinisimulia mchana mmoja tukila tambi zetu za siki, nami kufikia hapo nilikuwa nimeshachelewa mwezi mzima.

Kazi yangu ni kufagia ua wa tatu. Siku hizi hakuna anayeishi katika jumba lile. Watu wanatoka Beijing na Taiyuan kuja kutazama vitanda na masanduku ya watu waliokufa zamani. Mwanangu Shuanzhu alikuwa na miezi minne. Jina hilo alimpa bibi yake. Maana yake ni aliyefungwa nguzoni, ili asituponyoke kama alivyotuponyoka kaka yake. Mama mkwe anaumwa mgongo, kwa hiyo nilikuwa nakwenda na mtoto kazini. Mchana, lango likifungwa kwa mapumziko, nilimlaza katika chumba cha magharibi, juu ya kitanda cha matofali, nyuma ya kamba ambayo wageni hawaruhusiwi kuivuka.

Tangu nijifungue, nywele zilikuwa zinanitoka. Nikichana mara moja, kitana kinajaa. Msimamizi wetu, Bwana Geng, aliwahi kuokota unywele wangu kwenye mto wa maonyesho, akauinua mbele ya wenzangu wote.

"Bibi mwenye kitanda hiki kafa miaka mia iliyopita," alisema. "Bado ananyonyoka tu?"

Walicheka. Mimi nilitazama ufagio wangu.

Kwetu mwanamke hatupi nywele zake ovyo, maana zikikanyagwa na watu atasumbuliwa na kichwa. Bibi yangu alikuwa anaziviringa kidonge, anakisokomeza kwenye ufa wa ukuta, mpaka aje mchuuzi wa kubadilisha nywele kwa sindano na uzi. Wachuuzi hao hawapiti tena, lakini mkono wangu haukusahau. Juu ya kile kitanda palikuwa na ufa kati ya matofali mawili, mweusi, wenye utelezi kidogo. Kila mchana nilisokomeza kidonge kimoja. Nilishangaa tu kwamba haujai.

Siku hiyo ya tambi, mgeni mmoja mnene kutoka Tianjin, aliyepitiliza saa ya kufunga, alitoka chumba cha magharibi akiwa ameziba pua.

"Kumbe tiketi yenyewe ni ya choo!" alifoka.

"Hiyo ni harufu ya zamani, baba," Shangazi Miao alimjibu. "Vuta nyingi, hatukuongezei bei!"

Lakini mgeni alipokwenda, Shangazi aliacha kucheka. Alisogeza bakuli lake karibu na langu.

"Wewe mke wa Lian ni mgeni wa jumba hili, na mdomo wako mzito, huulizi kitu. Ngoja nikwambie."

Alisema kwamba katika chumba kile aliishi mke mdogo wa bwana Hao. Alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu wakaja kumchukua mtoto, wakampeleka ua wa mbele kwa mke mkubwa, kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi yao: mtoto wa mke mdogo anamwita mke mkubwa mama. Mke mdogo akabaki na maziwa yake. Kifua kikavimba, kikaiva, kikatoa usaha. Alikaa kitandani hadi akaota mvi, akijichana kutwa nzima kwa maji ya magome ya mti, yale mazito kama makamasi waliyokuwa wanalazia nywele, na kila kilichotoka akakisokomeza ukutani. Mchuuzi alipokuja, aliingiza mkono ufani. Akautoa, akaunusa, akakimbia na kuacha kapu lake.

"Hakuna mwanamke wa hapa anayeweka nywele pale," alinong'ona. "Ukichanganya zako na zake, mmekuwa mtu mmoja. Mtoto wako ni wake."

"Na ukishaweka?"

"Unazitoa. Zako zote, mmoja mmoja. Usibakize hata mmoja, na usichome, moshi wake utaingia kwenye maziwa yako. Za kwake unamrudishia." Alinitazama. "Mbona umepauka? Umeuma pilipili?"

"Tambi ni za moto," nilisema.

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Wala sikumwambia kwamba Shuanzhu alikuwa na siku sita hataki ziwa langu. Aligeuza uso, akilamba midomo kama mtu aliyetoka kula. Mapaja yake yalikuwa yamelegea, ngozi inaning'inia. Pumzi yake ilinuka mafuta ya nywele yaliyochacha. Na kwenye nepi zake, katikati ya kinyesi, nilikuwa nimekuta nywele. Nilidhani ni zangu zilizoanguka. Ila zilikuwa na mvi. Mimi nina miaka ishirini na minne.

Niliacha bakuli, nikaenda chumbani.

Jua lilikuwa limejaa dirishani. Hapakuwa na mtu. Kabla sijavuka kamba nilisikia sauti ninayoijua, ile ya mtoto anayenyonya. Anavuta, anameza, anapumua puani.

Alikuwa amelala chali, macho wazi, mashavu yanacheza. Kutoka mdomoni mwake ulitoka mkia mnene wa nywele za mvi. Ulipanda ukutani. Uliingia ufani. Ulikuwa umelowa. Kila alipovuta, kitu cheupe chenye mabonge kilitiririka juu yake taratibu, kikaingia mdomoni.

Niliushika. Ulikuwa na joto.

Nilivuta upande wa mtoto. Zilitoka nywele za urefu wa kiganja. Zikatoka za urefu wa mkono. Mtoto akakoroma, akatapika. Zikaendelea kutoka, zimevikwa ute wa njano, zinanuka kidonda. Mwishowe ikatoka ncha yake. Shuanzhu akalia kwa hasira, akanyoosha mikono. Hakuninyooshea mimi. Aliunyooshea ukuta.

Nilichukua chuma cha kuchokolea makaa, nikachokoa ufa. Kilichotoka kilikuwa bonge kubwa kama kichwa cha kabichi. Kiliangukia magotini pangu na kutoa sauti ya kitambaa kilicholowa. Ndani yake vidonge vyangu vyote vilikuwa vimefumuliwa. Nywele zangu zilikuwa zimesukwa pamoja na zile za mvi, vizuri, kwa subira, kama mtu anayemsuka binti yake.

Nikaanza kuzitenga. Nyeusi huku. Mvi huku. Vidole vilinata. Chini ya kucha uliingia uji mweupe uliochacha. Mara mbili nilitapika kwenye aproni yangu, nikakunja pindo, nikaendelea. Zangu nilizitia kwenye kopo langu la sukari lenye kifuniko. Nyingine zilikuwa nyeusi nusu, mvi nusu. Hizo sikujua ni za nani. Niliziweka kwangu.

Shuanzhu alinyamaza. Bonge lilikuwa limebaki fundo moja, gumu, ndani kabisa. Niliona weusi katikati yake.

Hapo wakaingia wageni.

Saa nane na nusu ilikuwa imefika, lango limefunguliwa. Walijaa nyuma ya kamba, simu zimeinuliwa.

"Ah, wameweka mwigizaji!" alisema mama mmoja. "Tazameni, hata mtoto wanaye!"

"Dada, inua uso kidogo! Endelea kusuka!"

"Uwii, lakini harufu hii nayo ni ya maigizo?"

Walikuwa kama ishirini, wote wananitazama, na mimi nina matapishi kwenye aproni. Masikio yaliniwaka. Ningeweza kusema, tokeni, mwanangu anakufa. Maneno yalikuwepo. Badala yake niliinama, nikalisokomeza bonge ufani na lile fundo lake, nikambeba mtoto na lile kopo, nikapita kando yao kichwa chini.

Jioni hiyo Shuanzhu alinyonya. Alinyonya kwa nguvu, ziwa hili na lile, akalala mdomo wazi, na pumzi yake haikunuka kitu. Mume wangu alisema, "Unaona? Ulikuwa unajihangaisha bure." Nililia kwa furaha chini ya blanketi. Kuhusu ule weusi ndani ya fundo nilijiambia kwamba labda ulikuwa uchafu tu, si unywele wangu.

Kulipopambazuka alinyonya tena. Aliposhiba aliachia, akatabasamu. Kitu kikabaki kati ya midomo yake na chuchu yangu, kimenyooka kwenye mwanga, chembamba. Unywele mmoja wa mvi.

Niliutoa mdomoni mwake. Upande wake ulitoka mara moja.

Upande wangu haukutoka. Niliuvuta. Ulikuja kidogo, nikasikia kitu kinafumuka ndani, kutoka kwenye chuchu mpaka kwapani, kama uzi wa pindo. Haukuuma. Nilivuta tena. Ukazidi kuja. Shuanzhu alikuwa ananitazama huku analamba midomo.

Nilichukua mkasi nikaukata karibu na ngozi. Nikafunga kifua changu kwa kitambaa cha mfuko wa unga, nikakikaza mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Nikawasha jiko, nikachemsha uji mwepesi wa ulezi. Mama mkwe akauliza kutoka kitandani, "Uji wa nani asubuhi yote hii?"

Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili alikitema. Cha tatu alikimeza. Nilimlisha kwa mkono wa kushoto mpaka bakuli likaisha. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba ule unywele. Chini si mahali pake. Motoni Shangazi alikataza. Kwenye kopo zimo zangu, ukutani zimo zake, na huu ulikuwa umetoka ndani yangu. Nilikaa hivyo, ngumi imefumba, ikianza kulowa, kwa sababu sikujua pa kuuweka.