Wagongaji wa Dirisha la Cyril

Theluji ilianguka baada ya Krismasi, na hadi Februari ilikuwa bado haijayeyuka. Bustani ya Winifred Pask ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Asubuhi alipotoka kuchukua makaa ya mawe, alikuta ndege mdogo amekufa kando ya ua wa bustani. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Winifred alimfukia, akarudi ndani haraka.

Ndipo akasikia juu: ko, ko, ko.

Sauti ilitoka chumba cha mumewe, Cyril, aliyelala na ugonjwa wa kifua tangu mwaka mpya. Pale kijijini watu waliamini kwamba ndege akigonga dirisha la mgonjwa, ni kifo kimekuja kumchukua. Winifred alipanda ngazi mbio.

"Hao tena," alisema Cyril. Uji wake wa oti ulikuwa haujaguswa. "Wamekuja kunichukua, Win. Nyumba ina madirisha chungu nzima, wao wanataka hili tu."

"Hebu nyamaza! Nani atakuchukua na kelele zako hizo?"

Alitania, lakini tayari alikuwa ameshika ufagio. Akapiga nao kioo. Vindege vitatu vyenye manyoya ya buluu kichwani kama kofia viliruka. Kufumba na kufumbua vikarudi, vikamkodolea macho. Ko, ko, ko. Winifred aliogopa sana. Akavuta pazia, chumba kikawa giza.

Mchana nesi wa kijiji, Dilys Pugh, alikuja kwa miguu. Alisikiliza kifua cha Cyril.

"Kifua kinafunguka. Mbona huli, Bwana Pask?"

"Atakulaje, nesi, na kifo kinabisha hodi?" alisema Winifred, machozi yakimlengalenga.

Dilys alifungua pazia. Fremu ya dirisha ilikuwa imejaa vishimo.

"Kioo hiki kiliwekwa lini?"

"Oktoba," alisema Cyril. "Nilikiweka mwenyewe."

"Na puti, ule udongo wa kukishikilia kwenye fremu?"

"Mpya. Nilinunua ile iliyokandwa kwa maf..." Cyril aligeuka akatazama vile vishimo. "Mafuta."

"Basi! Wanakula puti yako. Ya madirisha mengine imekauka zamani, haina utamu."

"Lakini mimi niliwawekea chakula," alisema Winifred. "Magozi ya bekoni ya nguruwe. Hawakuyagusa!"

"Yana chumvi, Bi Pask. Chumvi inawadhuru. Sikiliza. Ndege mdogo hupoteza joto upesi. Mchana huu mfupi inabidi ale cha kumpitisha usiku mrefu. Wadudu wamefunikwa na theluji. Akikosa chakula siku moja tu, huenda asione asubuhi. Wapeni mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, yasiyo na chumvi, mchanganye na oti isiyopikwa. Wekeni kila siku, maana wakishazoea watawategemea. Na maji ya kunywa. Yakiganda, mwageni muweke mengine. Msitie chumvi kuyayeyusha."

"Oti ipo," alisema Cyril. "Wape uji wangu."

"Uji uliopikwa utawagandia mdomoni. Huo ule wewe," alisema Dilys.

Cyril alicheka hadi akakohoa. Kisha akala.

Siku iliyofuata dirisha halikugongwa. Ukimya ule ulimtisha Winifred kuliko kugongwa kwenyewe. Akakimbilia bustanini. Vindege vilikuwa vimejaa kwenye mafuta aliyoyaning'iniza mtini, vikigombana. Akasimama pale akilia kwa furaha.

Si wote waliopona. Wa aina ya yule aliyemfukia, mdogo wa kahawia mwenye mkia uliosimama, hakusikika tena mwaka ule. Lakini wenye kofia za buluu walikuwepo hadi theluji ilipoanza kuyeyuka.

Asubuhi moja ya Machi Winifred alichelewa kuamka. Juu ya kitanda cha Cyril ikasikika: ko, ko, ko.

"Win! Umewasahau!"

"Ngoja nivae."

"Lala tu." Cyril aliteremsha miguu, akatafuta viatu vyake. "Wamekuja kunichukua mimi."

Akashuka ngazi, polepole, akatoka nje na bakuli la mafuta.