Pijo la Uani kwa Athanas

Haya yalimpata rafiki yangu Athanas wa Ilala, aliyenunua gari la Pijo kuukuu lililoliwa na kutu, akawa analifufua uani kwake. Jioni moja alikuwa anaparua kutu kwenye mfuniko wa buti kwa grenda, mara umeme ukakatika. Giza likatanda. Grenda ikanyamaza, lakini mkwaruzo ukaendelea. Ulitoka ndani ya buti.

Kisha buti likapigwa teke kutoka humo humo ndani, bati likabinuka chini ya mkono wake. Likapigwa tena, kwa hasira. Athanas akashikwa na kiwewe, akanyakua nyundo akaanza kuponda, na kila alipoponda alijibiwa kwa kishindo kikubwa zaidi, mpaka viganja vikamchubuka.

"Baba Neema, unamuua nani huko?" mkewe, Blandina, akapiga kelele kutoka jikoni. "Mbona analia hivyo?"

Athanas hakuwa amesikia kilio chochote.

Kukawa kimya. Blandina akaja na tochi ya simu, wakafungua buti pamoja. Lilikuwa tupu. Ila upande wa ndani wa mfuniko, kwenye bati, palikuwa pamenasa kucha za mtu, bado zinachuruzika damu.