Wimbo wa Kuita

Harufu ya marashi ilianzia jukwaani, mchana wa mazoezi, na hakuna aliyekuwa amejipaka marashi. Mzee Chirau alikuwa akiimba rege katika hoteli moja ya Galu, kwa ile sauti yake nzito yenye joto iliyowafanya hata wapishi waache vijiko. Damaris, mhudumu kutoka bara, akaangusha sinia la glasi. Akasimama tuli na kusema kwa Kidigo, lugha asiyoijua:

"Umeniita. Mbona huniagi?"

Aibu ilimpanda Chirau hadi masikioni. Wimbo uliompa jina, huo aliokuwa akiuimba, haukuwa wake. Aliuchukua kwa marehemu shangazi yake Kahaso, mganga aliyewaita pepo kwa wimbo mmoja na kuwaaga kwa mwingine. Chirau alichota ule wa kuita, akautilia besi. Wa kuaga ulikuwa wa polepole, haumwinui mtu kitini, na kila shangazi alipouanza, yeye alitoka nje kuvuta sigara.

Alimkimbiza Damaris Msambweni kwa Dama, binti wa Kahaso aliyerithi uganga, na njia nzima jasho la msichana lilinuka marashi, koo lake likatoa sauti nzito ya kiume, sauti ya Chirau mwenyewe, ikirudia ubeti ule ule bila kuvuta pumzi, huku midomo yake ikizidi kupauka na Chirau akijua kwamba msichana akifa, yeye ndiye aliyemuua.

Dama alitia ubani chetezoni. Alimwambia Chirau kwa upole kwamba aliyeita ndiye anayeaga, akamfundisha wimbo wa kuaga mstari baada ya mstari. Chirau aliimba akilia, akimwomba msamaha msichana na aliyekuwa ndani yake. Damaris akashusha pumzi, akaomba maji kwa sauti yake.

Chirau alimshukuru Mungu. Dama hakutabasamu.

"Kaka, ule wimbo wa kuita umeuimba tangu lini?"

"Tangu ujanani."

"Na kwenye redio?"

"Unapigwa kila siku."

"Huyu tumemuaga," Dama akanong'ona. "Wale wengine umewaachia nani?"

Chirau akawakumbuka wanawake waliokuwa wakicheza mbele ya jukwaa wamefumba macho, na jinsi alivyojisifu kuwa amewagusa mioyo. Ng'ambo ya ua, jirani alikuwa akifua, redio yake ikiimba wimbo ule ule kwa sauti nzito yenye joto. Chirau alisimama amwambie aizime.

Kabla hajafika mlangoni, sauti ya kufua ilikoma.