Zamu za Daktari

Nyumbani walimwita Daktari tangu alipopata nafasi ya kusomea udaktari ng'ambo. Huko ng'ambo, Daktari alifua mashuka ya hoteli.

Alikunja mashuka pamoja na mama mmoja mtu mzima, mkimya. Kibali cha mwanafunzi alichokuwa nacho Daktari kilimruhusu kufanya kazi saa ishirini kwa wiki. Lakini maisha yalimbana, na msimamizi alikuwa na maneno matamu.

"Mchapakazi kama wewe! Ongeza zamu. Nani atajua?"

Zikawa saa thelathini, kisha arobaini. Darasani alisinzia mdomo wazi. Maabara alikosa mara nne.

Mama yake alipopiga simu aliuliza, "Masomo vipi, baba?"

"Safi kabisa, mama."

Kisha ikaja barua ya chuo. Amefeli. Aeleze kwa nini haonekani darasani, la sivyo atafutwa, na kibali kitakwisha. Aliisoma kazini, kati ya mashine za kufulia.

Yule mama aliyekunja naye mashuka akaichukua, akaisoma.

"Mwanangu, mimi pia nilikuja hapa kusoma. Uhandisi. Nilipata barua kama hii, nikaificha."

Akamrudishia Daktari barua.

"Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni leo hii. Sema ukweli wote, hata wa saa ulizozidisha. Uliza kama kuna msaada kwa waliokwama. Na hizi zamu, ziache."

Alikwenda. Mshauri wa wanafunzi alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Ungekuja mapema, tungekupangia masomo machache. Tungekutafutia kazi ya maktaba. Sasa utapewa onyo, na mwaka utaurudia."

Msimamizi alipoambiwa kwamba Daktari anaacha zamu, alifuta jina lake ubaoni bila hata kumtazama.

Jioni ile alimpigia mama yake.

"Mama, nimefeli. Nilikuwa nakudanganya."

Mama akauliza, "Ulikuwa unakula, lakini?"

Daktari akalia kama mtoto.

Mwaka uliofuata wenzake walikwenda hospitali kujifunza kwa wagonjwa. Yeye alikaa darasani na wanafunzi wa mwaka wa nyuma. Alifanya kazi maktaba saa chache, akalala vizuri, maabara hakukosa hata siku moja. Akafaulu.

Alimpelekea yule mama wa mashuka karatasi ya matokeo. Mama akafuta mikono, akaisoma taratibu hadi mwisho, kisha akairudia tena.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia."