Sauti Ndani ya Trakta

Asubuhi ya tano, Waziri aliweka kiganja juu ya injini akakuta ina joto. Umande ulikuwa bado unadondoka kwenye majani, minyororo ya trakta ilikuwa baridi, hata kiti kilikuwa kimelowa; lakini injini, ambayo haikuwahi kuwaka tangu kabla yeye hajaoa, ilikuwa na joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akajiambia ni uzee, akachukua spana.

Alikuwa fundi wa Kisangani, mgane wa miaka sitini na mbili. Watoto wake walikuwa wamehamia Kinshasa, na nyumbani alipika sahani moja. Aliyemleta huku msituni, nyuma ya mji wa Yanonge, ni Chancelle, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Barabara ya kwenda mtoni ilikuwa imemezwa na msitu, wajawazito walibebwa mabegani, na mwezi uliopita mmoja alifia njiani. Katika shamba la michikichi lililoachwa ilibaki trakta moja kuukuu ya minyororo, mti umeota katikati ya vyuma vyake. Ikiamka, koleo lake la mbele lingefungua njia. Wanakijiji walimsaidia kuukata mti, kisha wakaondoka upesi. Walisema chuma kilichoachwa peke yake muda mrefu hupata mwenyeji.

Waziri alibaki, akilala chini ya turubai. Alimimina mafuta juu ya pistoni zilizokwama kwa kutu, akazibua mabomba, akaunga minyororo. Joto lilirudi kila asubuhi. Siku ya nane lilikuja na harufu ya sabuni ya mawese, ile aliyoogea marehemu mkewe, Safiya. Siku ya tisa, mvua ikinyesha, sauti ilitoka ndani ya bomba la moshi, ndogo, kama ya mtu aliyejifunika shuka.

"Waziri. Uko wapi?"

Safiya alifariki hospitalini miaka miwili nyuma, saa ambayo Waziri alikuwa amesinzia kwenye korido. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimwambia baadaye kwamba mama huyo alimwita mpaka akaishiwa pumzi. Kwa hiyo sasa Waziri hakukimbia. Alipiga magoti kwenye matope, akasogeza mdomo karibu na bomba.

"Niko hapa."

Injini ikapiga mara moja, yenyewe, ikanyamaza.

Tangu hapo akawa anaongea nayo. Akijibu, mpini wa kuwashia ulizunguka mwepesi na injini ikanguruma, akinyamaza, ilizima. Alisahau kula. Siku moja adhuhuri Chancelle alimletea kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, akakuta chakula cha juzi kimejaa sisimizi. Akasimama nyuma ya michikichi akimsikiliza Waziri akisimulia habari za watoto, akamhurumia kwamba mzee anaongea peke yake, na ndipo akasikia mwanamke akimwuliza swali, na Waziri akamjibu, na mwanamke akacheka, na kile kicheko kikaendelea, kikashuka katika vyuma, kikapenya ardhini, kikaja polepole chini ya udongo mpaka akakisikia chini ya nyayo zake.

Kesho yake alikwenda Kisangani, akarudi na Mwalimu Abdulhamid, mtu wa Kurani. Mwalimu aligusa injini akauondoa mkono haraka. Akamvuta Waziri pembeni, akasema kwa sauti ya chini.

"Papa, ile haiko bibi yako. Ni jini. Ilikuwa peke yake hapa, na wewe uko peke yako. Ukiendelea kujibu, itakubeba."

"Anajua mambo ya mimi na yeye tu."

"Iko inajua. Leo itakuita. Usijibu, hata kidogo."

Uvumba ukawashwa juu ya mnyororo. Mwalimu akaanza kusoma, Chancelle akinyunyiza maji ya dua, na sauti ikaanza kuita, kwanza kwa upole, kisha ikiomba ashikwe mkono, ikisema kuna giza, ikisema koo limekauka, ikihema kama alivyohema Safiya katika siku zake za mwisho, huku trakta nzima ikitetemeka na harufu ya sabuni ikigeuka harufu ya dawa za hospitali, na Waziri amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimpita vidoleni. Hatimaye trakta ikatulia. Neno moja tu likatoka, bila hasira.

"Tena, Waziri?"

Hakujibu. Vyuma vikapoa.

Jioni ile alizungusha mpini mwenyewe, mzito, mpaka mikono ikachubuka. Injini ilishika, ikinuka dizeli tu. Kwa siku sita alisukuma miti na udongo hadi mtoni, na siku ya saba mwanamke mwenye uchungu alipita pale juu ya pikipiki, akafika hospitalini salama, akajifungua.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliletwa na pikipiki kwa barabara hiyo mpya kuhakikisha. Akasikiliza bomba, akapapasa injini, akasema jini imetoka. Waziri alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Mwalimu, na kama ilikuwa yeye?"

Mwalimu alimsogelea. Akamshika mkono. Walisimama hivyo mpaka mwenye pikipiki akapiga honi. Kisha Mwalimu akaondoka, na Waziri akapanda trakta, kwa sababu upande mmoja wa barabara ulikuwa bado na visiki.