Kitabu cha Kumsomea Mgonjwa

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Kurasa hakwenda uwanjani. Alikwenda moja kwa moja maktaba, akafungua madirisha mawili, akafuta vumbi mezani, kisha akasimama mbele ya ubao uliokuwa kando ya mlango. Hapo wanafunzi walibandika vikaratasi. Aliyemaliza kitabu aliandika kilivyompendeza, halafu akauliza asome kipi tena. Wenzake walimjibu papo hapo chini ya maneno yake.

Jina la Kurasa alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu hakuna aliyeazima vitabu vingi kama yeye. Kikaratasi hakikumaliza siku bila jibu lake. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakulijua. Mwanzoni alisoma kwelikweli, lakini sifa zilipozidi alianza kusoma sura mbili za kwanza na maneno ya jalada la nyuma tu. Kisha alirudisha kitabu na kuchukua kingine. Hakuna aliyemshtukia.

Jumatatu moja alikuta kikaratasi chenye mwandiko mdogo uliobanana. Kilikuwa cha mvulana wa darasa lake waliyemwita Mpole. Kilisema: “Mdogo wangu ana miaka saba. Amelazwa hospitali, atapasuliwa mguu. Naomba kitabu cha kuchekesha nimsomee.”

Kurasa aliandika jibu palepale: “Msomee kile cha kiboko mwenye miwani. Mtavunjika mbavu.” Kiboko wa jaladani alikuwa amecheka hadi magego yanaonekana, na zile sura mbili kweli zilichekesha.

Jumatano asubuhi Mpole alimsubiri mlangoni mwa darasa, kitabu mkononi.

“Hiki kitabu ulikisoma?”

“Nilikisoma. Kwani vipi?”

“Chote?”

Kurasa alihisi masikio yakiwaka moto. “Chote. Labda kuna mahali nimesahau.”

“Umesahau kwamba yule mtoto, rafiki yake kiboko, analazwa halafu haamki? Nilikuwa namsomea kwa sauti. Nilipogundua nikaanza kubuni maneno mengine, lakini mdogo wangu si mjinga. Akaninyang'anya kitabu, akaangalia picha.” Mpole alikigeuza kitabu mkononi. “Jana walikuja kumpeleka chumba cha upasuaji. Akamng'ang'ania mama, akalia mpaka wodi nzima ikageuka. Daktari akasema wamwache kwanza hadi Ijumaa.”

Alimkabidhi kitabu, akaenda kukaa. Hakumtukana hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Kurasa zaidi.

Wakati wa mapumziko ya mchana alimkuta mwalimu wa maktaba akigandisha kitabu kilichobanduka mgongo.

“Mwalimu, nina jambo la kukueleza.”

“Njoo hapa. Shika hivi kwa mikono miwili, usiachie mpaka gundi ikauke. Haya, sema.”

Kurasa alisema yote huku mikono yake ikiwa imekwama kwenye kile kitabu. Hakuwa na pa kuficha uso. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni naye asiweze kuyafuta. Mwalimu aliyafuta kwa leso yake.

“Msamaha utauomba, hilo ni lazima,” alisema. “Lakini yule mtoto bado ana hofu. Utamsaidiaje?”

“Nimtafutie kitabu kingine. Lakini mimi mwenyewe sijui kipi. Muhula huu sijamaliza hata kimoja.”

“Basi uliza, kama wenzako wanavyouliza.”

Kurasa hakuwa amewahi kuuliza. Alichukua kikaratasi, akaandika polepole: “Nilipendekeza kitabu ambacho sikukisoma, mtoto mgonjwa akaogopa. Naomba kitabu cha kumchekesha ambacho wewe umekisoma mpaka mwisho.” Akaweka jina lake, akakibandika.

Wavulana wawili walikisoma wakaangua kicheko. “Kumbe si Kurasa, ni Jalada,” mmoja alisema. Kurasa aliinamisha kichwa lakini hakukibandua.

Baada ya masomo alimkuta msichana mmoja anamngoja pale ubaoni. Alikuwa yule waliyemwita Kobe, kwa sababu alisoma kwa kufuatisha kidole mstari kwa mstari.

“Mimi nimesoma kitabu kimoja tu muhula huu,” Kobe alisema, “lakini nimekirudia mara tatu. Ni cha punda anayekataa kuvuka barabara.”

“Kuna mtu anakufa?”

“Hakuna. Ila ukurasa wa thelathini na moja punda anatumbukia shimoni. Ukifika hapo usisimame kupumua, fungua ukurasa unaofuata upesi, maana huko ndiko kwenye kucheka.”

Kurasa alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. “Asante, dada,” alisema, ingawa walikuwa rika moja.

Jioni ile alisoma karibu na cherehani ya mama yake. Alipofika shimoni alicheka kwa nguvu hadi mama akasimamisha cherehani.

“Wewe, kuna nini?”

“Punda, mama.” Akaendelea kusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Alhamisi, saa ya kuwaona wagonjwa, mwalimu alimpeleka hospitali pamoja na Mpole. Mtoto alikuwa amejilaza kitandani, mguu umefungwa bandeji, macho ameyaelekeza mlangoni.

“Mimi ndiye niliyechagua kile kitabu cha kiboko,” Kurasa alimwambia. “Sikuwa nimekisoma, nikamdanganya kaka yako. Naomba mnisamehe, nyote wawili.”

Mpole aliitikia kwa kichwa. Mtoto alikitazama kitabu kipya. “Na hicho umekisoma?”

“Jana. Chote.”

“Punda anakufa?”

“Hafi. Anatumbukia shimoni, anatoka na tope mpaka masikioni.”

“Anza na shimo.”

Kurasa alianza na shimo. Mtoto alitabasamu, akakohoa, kisha akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akacheka. Walirudi mwanzo wakasoma sura zote isipokuwa moja, kwani mtoto aliweka mkono juu ya kitabu.

“Hiyo ya mwisho mnisomee kesho, nikiamka,” alisema.

Mama yake, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, aligeuza uso dirishani.

Ijumaa mtoto alipelekwa bila kulia. Alipozinduka alasiri, maji hakuyataka kwanza, alimtaka punda.

Jumatatu iliyofuata Kurasa alichukua orodha ya vitabu alivyodai kuvisoma, akakata kumi na vinane, akabakiwa na kumi na kimoja. Mwalimu wa maktaba aliipokea, akaisoma, akamkalisha karibu naye.

“Mtu akikuuliza asome nini, amekuamini,” alisema. “Ukikijua kitabu, mwambie. Usipokijua, sema hukijui, na hutapungukiwa na chochote. Leo nakuamini kwa hivi kumi na kimoja kuliko nilivyokuamini kwa vile ishirini na tisa.”