Hodi Kwenye Taa ya Tatu

Haya yalimpata Lukman, mjukuu wa marehemu dada yangu, hapa hapa Kiseke. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa nimekaa mkekani, na macho yangu haya ndiyo yaliyoona.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Adhuhuri imepita, upepo wa ziwa unaingia taratibu, mimi nachambua mchele wa Magu, ule wenye harufu nzuri ambao ukizembea na mawe yake unavunjika jino. Najat, mke wa Lukman, alikuwa na mimba kubwa, na ndiyo maana nilihamia kwao. Alikuwa kajilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto, ananitania.

"Bibi, unachambua mchele kama askari anakagua mizigo."

"Wewe utakula wali wenye mawe uzae tofali," nikamwambia.

Lukman alikuwa mezani kwake. Kazi yake ni kusafisha sauti. Watu humletea rekodi za harusi, za kwaya, za kaswida, naye huvaa zile hedfoni kubwa akaondoa mikwaruzo na makelele. Hedfoni zake hazikuingia kwenye kompyuta moja kwa moja. Zilipitia kwenye amplifaya ndogo, kiboksi tu cha kukuza sauti, ambacho juu yake kilisimama kichupa cha kioo chenye uzi unaowaka ndani, mwekundu kama kaa linaloelekea kuzimika. Yeye alikiita valvu. Sisi wa zamani tuliita taa ya redio, maana redio za mbao zilikuwa nazo kwa nyuma, na watoto tulichapwa kwa kuzichungulia.

Ile taa yake ilikuwa imechoka, inavuma kama nyuki. Akatafuta tatu za kubadilisha, kazipanga juu ya leso nyeupe. Kila moja aliigonga kwa ukucha, ting, halafu akatega sikio. Ni tabia yake tangu mdogo huyo. Glasi, kikombe, chupa ya soda, lazima aigonge kwa ukucha na kuisikiliza, hata ukweni kwake aliwahi kufanya hivyo wakacheka.

"Bibi, njoo uwe hakimu," akaniita. "Masikio yangu yameshachoka. Wewe unakumbuka sauti za watu mpaka waliokufa."

"Waliokufa ndio hawana kelele."

Akanivika hedfoni. Alichoweka ilikuwa rekodi ya harusi ya zamani, dada yangu Bushra, bibi yake wa kumzaa, anaongoza wimbo na wanawake wanamwitikia.

Taa ya kwanza ilikuwa mpya kutoka dukani. Nikasikiliza. "Bushra yumo," nikasema, "lakini kama picha ya kitambulisho. Ni yeye, ila hana furaha."

Ya pili alitumiwa na rafiki yake kutoka nje. "Huyu kajifunika blanketi."

Najat akacheka mpaka akashika tumbo.

Ya tatu ilikuwa kuukuu, maandishi yamefutika, kioo kina doa jeusi upande mmoja. Aliinunua Igoma kwa muuza vyuma chakavu aliyeitoa kwenye redio ya mbao. Miguu yake ilikaa sawasawa kwenye matundu. Ilichelewa kuwaka. Tukasubiri. Halafu uzi ukawa mwekundu, na Bushra akaja akakaa pembeni yangu.

Sina namna nyingine ya kusema. Nilimsikia akimeza mate kabla ya ubeti. Nilisikia bangili zake. Nikazivua hedfoni, machozi yananitoka.

"Hii," nikamwambia.

Lukman akazivaa yeye. Akafumba macho, akatabasamu. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akainua kichwa kuelekea mlangoni, akasema, "Karibu."

Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo juu. Uani walikuwapo kuku tu.

"Unamkaribisha nani?" Najat akauliza.

"Si kuna mtu kapiga hodi?"

Hakuna aliyepiga. Mama yangu alitulea na sharti moja: hodi ambayo hujaona kivuli cha mwenyewe, usiiambie karibu. Uliza kwanza, nani? Lakini Lukman kalelewa kwa adabu, na mtu wa adabu hujibu hodi kabla hajafikiri.

Nikatazama chini ya kiti chake. Palikuwa na uzi mweupe wa pamba. Nyumba ile haikuwa na pamba.

Kesho yake asubuhi alibeba begi lake apeleke kazi kwa mteja. Akafika mlangoni akasimama.

"Nani kafunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa linampiga miguuni.

"Usitutanie," Najat akamwambia.

Akanyoosha kiganja mbele. Kikasimama hewani, kimelala kama juu ya ukuta. Akapiga. Sote tukasikia bati likilia.

Najat akaweka mkono wake pale pale. Wa kwake ukapita.

Tulijaribu mlango wa uani. Tulijaribu dirisha. Majirani wawili wenye nguvu wakamvuta kutoka nje hadi bega likataka kuchomoka, na paji la uso wake likachubuka kwenye hewa tupu. Shehe akaja akasoma vizuri, kwa sauti inayopoza moyo. Lukman alikuwa analia.

"Namwona anasoma. Simsikii. Punguzeni redio."

Hatukuwa tumewasha redio.

Baadaye tukagundua kwamba akivaa hedfoni, na taa ya tatu ikiwa inawaka, anatusikia. Akivua, anatazama midomo yetu tu. Nilichukua mchi niivunje ile taa. Akaifunika kwa viganja vyake, ikamwunguza, na hakuiachia.

"Bibi, ukiivunja nitabaki humu peke yangu."

Humu. Nikauweka mchi chini.

Na humu mwake mkazidi kupungua. Kwanza alishindwa kufika jikoni. Kisha chumbani, akawa analala sebuleni. Kisha akashindwa kunyoosha miguu. Alikaa chini pembeni ya meza, magoti kifuani, anatoka jasho, nywele zimejaa nyuzi za pamba. Nilizitoa kwa mkono, zikarudi.

"Kuna magunia, Bibi. Yananibana mgongoni."

Najat alimlisha kwa kijiko. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, mkunga kasema wakati wowote. Lukman akamshika pindo la dera.

"Nataka nimpokee mtoto wangu. Nitoeni kabla hajaja."

Hilo ndilo aliloliomba. Hakuomba jingine.

Nyumba nayo ilikuwa na mtu wa ziada. Wali uliofunikwa ulipungua bila mlaji. Kwenye mkeka wangu pakabonyea, kama alipokaa mtu mzito, na nikipitisha mkono pana joto. Najat akaninong'oneza sikioni: "Bibi, huyo aliyeambiwa karibu, kaingia."

Nikaenda Igoma. Yule muuza vyuma chakavu anaitwa Yeremia, kijana mpole, mikono yote kutu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ile redio ya mbao uliyotoa taa ukamuuzia mjukuu wangu, ulipata wapi?"

Akafikiri. "Magu. Tulibomoa ghala la zamani la pamba, tukaikuta chumba cha nyuma. Halafu kuna mama alikuwa anakuja pale kila siku. Anakaa tu juu ya jiwe, anaangalia kila tofali linavyotoka. Tukadhani kichwa kimemruka. Anaitwa Paskazia."

Nilimkuta Paskazia nyumbani kwake Magu, anaanika mpunga. Mtu wa makamo yangu, kakonda, mpole. Nilipotaja ghala akaacha kuutandaza.

"Malimi alikuwa kaka yangu," akasema. "Alikuwa kibarua wa kupakia magunia. Mimi mtoto bado, mwaka ule ziwa lilipojaa. Mwenye ghala akasema Malimi anamwibia. Akamfungia chumba cha nyuma, mlango wa bati. Akawasha redio mle mle, juu kabisa, majirani wasisikie kitu."

"Alipiga kelele?"

"Kaka yangu alikuwa na adabu. Alipiga hodi. Mtu yuko ndani na anapiga hodi, dada, umeshasikia? Nilikuwa nimempelekea chakula. Nikamwita kwa nje, hakunisikia kwa ile redio. Walipokuja kufungua, kufuli liko pale pale. Ndani magunia. Redio inaimba. Malimi hakuwamo."

Akaokota punje moja ya mpunga, akaimenya kwa meno.

"Walipobomoa nilidhani nitaona hata mfupa."

Nikamweleza ya Kiseke. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Alimjibu karibu?"

"Alimjibu."

"Basi kaka yuko kwenu. Ni mgeni. Na mgeni hawezi kuondoka tu, mpaka asindikizwe."

Akaingia ndani. Akatoka kavaa kitenge kipya, mkononi ana kandambili za kiume za matairi, kuukuu, zimepakwa mafuta. Zilikuwa za Malimi, alizitunza miaka yote hiyo.

Tulifika Kiseke alasiri. Najat alikuwa kashika fremu ya mlango, anapumua kwa mdomo. Uchungu ulikuwa umeanza. Lukman alikuwa chini ya meza sasa. Magoti yamegusa kidevu. Anavuta pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayeibia hewa. Macho yake yalinifuata. Hedfoni zilikuwa masikioni, na taa ya tatu inawaka.

Paskazia hakumtazama. Alikaa mkekani, karibu na pale palipobonyea. Akaweka kandambili chini, ncha zikielekea nje.

"Kaka," akasema. "Umekaa vya kutosha. Wenyeji wamechoka. Twende nyumbani."

Akapangusa mkeka kwa kiganja, akaongeza:

"Mpunga umeiva. Nimekuwekea chakula."

Kandambili zikasogea. Kidogo tu. Kama mtu anaingiza mguu.

Chini ya meza Lukman akafungua mdomo. Alikuwa anataka kusema. Anatikisa kichwa. Anatikisa kwa nguvu. Nikainama nimsikie. Hakuna sauti iliyotoka.

Paskazia akanyanyuka. Alikuwa kashika mkono wa mtu tusiyemwona. Akatembea polepole, kama tunavyotembea na mgeni hadi njiani, anaongea habari za mvua, za shamba, nani kaoa, nani kahama. Kandambili zinamfuata. Moja. Nyingine. Wakafika mlangoni.

Tukasikia mlango wa bati ukifunguka.

Taa ya tatu ikazimika yenyewe.

Lukman akaanguka ubavu. Akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Akatambaa. Akasimama. Akatoka hadi uani, juani, na hakuna kilichomzuia. Najat akamwangukia shingoni, wakashikana hivyo hivyo uchungu unamkata, mpaka nikawatenganisha tumkimbize hospitali. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Lukman alimpokea kwa mikono yake miwili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Alirudi kuwa mtu wa watu. Anakula, anasalimia, anambeba mtoto. Kazi ya sauti aliiacha. Ile amplifaya ikashika vumbi, na siku moja akaigeuza geuza mkononi akamwuliza Najat inatumika kufanya nini. Tukasema ni mshtuko. Mtu kapitia makubwa, mwacheni.

Mtoto alikuwa ameanza kucheka na watu siku Paskazia aliponipigia simu.

"Dada, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kaka yako vipi?"

"Yupo. Simwoni, ila yupo. Chakula kinaliwa. Viatu vinahama usiku."

"Basi umempata."

Nilisikia kuku wa kwake.

"Kuna jambo linanisumbua," akasema. "Nikiweka glasi mezani, inagongwa. Ting. Kama kwa ukucha. Halafu panatulia, kama kuna mtu anatega sikio. Nimeweka kikombe, hivyo hivyo. Chupa, hivyo hivyo. Malimi hakuwa na tabia hiyo."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Dada? Na analia. Kwa chini sana. Anaita Najat. Najat ni nani?"

Sebuleni Lukman alikuwa kamlaza mtoto begani, anataka kumpeleka nje juani. Mlango ulikuwa wazi, pazia juu. Akaufikia, akasimama. Akainua mkono. Akagonga fremu kwa upande wa ndani, taratibu.

"Hodi," akasema.

Akasubiri, kwa adabu.

Najat alikuwa jikoni, hakusikia. Mimi peke yangu.

"Nani?" nikamwuliza.

Akageuka. Alinitazama kwa muda, akatabasamu vizuri tu, kama mtu mpole. Akavuka akatoka na mtoto wetu.

Jioni nilipomwogesha yule mtoto, nikafungua ngumi yake ndogo. Ndani alikuwa kashika uzi mweupe wa pamba.